Sanamu ya Chande

Wapo watakaosema kwamba nchi ya Ridhaa haimo katika ramani, nao hawakosei. Hata hivyo watu huenda huko kila siku, wengine bila kuinuka kitini, na baadhi yao hawarudi. Habari hii inawahusu wawili wa ukoo mmoja: mmoja alikwenda akarudi, mwingine alikwenda akabaki.

Aliyerudi ni Zamda binti Kilindo, mwalimu wa chuo cha ufundi, mwanamke aliyependa mitambo kama wengine wanavyopenda mpira. Kila Jumamosi aliandika gazetini maoni yake kuhusu vyombo vipya na kampuni zinazoviunda: simu ipi ina betri ya kudumu, mtandao upi unakatika wingu likitanda, mchezo upi wa kompyuta umetengenezwa kwa akili na upi kwa tamaa. Alikuwa na misimamo. Aliamini kwamba mwenye barabara asiruhusiwe kumiliki pia magari yanayopita juu yake. Aliamini kwamba mchezo usio na mwisho si mchezo, bali ni kazi isiyo na ujira. Kuhusu Ridhaa aliandika kwamba ndiyo nchi yenye wahandisi bora kuliko zote, na kwamba imepungukiwa na sheria kidogo tu.

Aliyebaki ni Chande, mdogo wake. Alikwenda Ridhaa kucheza kwa msimu mmoja. Msimu ukaisha, ukaanza mwingine, na salamu zake zikawa fupi, kisha zikakoma. Mama yao, Bi. Siwema, alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikwisha kuzima, na daktari alisema kwamba la pili linafuata na hakuna dawa ya kulirudisha. Bi. Siwema hakulia. Alimwita Zamda jikoni akamwambia:

"Nataka kumwona Chande nikiwa bado naona. Sitaki picha. Mlete mwenyewe."

"Na akikataa?"

"Mwambie nimesema mimi. Mbele ya uso wangu hajawahi kukataa."

Basi Zamda akaenda.

Langoni mwa Ridhaa hapadaiwi ada wala cheti. Mgeni husimamishwa mbele ya Msomaji, ambaye humsomea masharti ya kuingia kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Akimaliza hugonga kengele. Mgeni asiposema neno hadi mlio wa kengele ufe, amekubali. Hiyo ndiyo sheria mama ya nchi ile, na nyingine zote zimezaliwa nayo: anayenyamaza amekubali.

Zamda alinyoosha mkono. "Naomba urudie polepole, kuanzia sharti la pili."

Msomaji alimtazama kwa mshangao usio na hasira. "Polepole, mama? Polepole tutamaliza masika yakiwa yamekwisha. Na nyuma yako kuna watu."

Watu wa nyuma walianza kuguna. "Dada, kubali tuingie," alisema mmoja. "Kwani wewe una nini cha kuibiwa?"

"Hata wewe unacho," Zamda alimjibu, akageuka kumtafuta kwa macho. Alipokuwa akimtafuta, kengele iligongwa, mlio ukafa. Msomaji akainamisha kichwa kwa heshima na kumkaribisha ndani. Alikuwa amekubali.

Alipewa mwenyeji aitwaye Pazi, mtumishi wa Nyumba ya Dira, mtu mchangamfu aliyevaa joho la kijivu. Ridhaa haina mfalme. Ina Nyumba, na kila Nyumba ina kazi yake. Nyumba ya Dira huwaonyesha watu njia na kuwajibu maswali. Nyumba ya Karata huendesha michezo. Pazi alimpitisha mjini akimwonyesha fahari za nchi yake. Maji yalitiririka bure. Mikate iligawiwa bure. Taa, nyimbo, habari za asubuhi, vyote bure.

"Hapa hakuna mnunuzi," alisema Pazi. "Sote ni wageni wa Nyumba."

Penye kila bomba na kila kona alisimama Mtazamaji. Watazamaji ni watu wapole. Hawashiki kalamu, hawaulizi swali. Hutazama tu, kisha huinamia mrija uliojengwa ukutani na kuunong'oneza. Zamda alimwona mmoja akifanya hivyo baada ya yeye mwenyewe kupita.

"Amesema nini?"

"Kwamba umeitazama kandili ya kijani kabla ya nyekundu," Pazi alijibu.

"Na hilo linamfaa nani?"

"Linakufaa wewe, mama. Kesho hutaonyeshwa nyekundu."

Mirija yote iliishia katika jengo moja refu lisilo na madirisha. Pazi alimwingiza humo kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba cha watoto waliolala. Humo walifanya kazi wafinyanzi. Kila mfinyanzi aliweka sikio kwenye mrija, akasikiliza, akaongeza udongo mahali fulani au akaupunguza. Kila mtu aliyekuwa amekubali pale langoni alikuwa na sanamu yake humo ndani. Sanamu changa zilikuwa madonge tu. Za umri wa kati zilipepesa macho. Zile za zamani, zilizolishwa minong'ono ya misimu mingi, ziligeuza shingo, zikacheka, zikasema.

Wafanyabiashara walitembea katikati yake. Mmoja alipeperusha kitambaa cha hariri na kuangalia ni zipi zinazonyoosha mkono. Mwingine alitangaza moto wa uongo, akapanga upande mmoja zote zilizokimbia.

Zamda, ni lazima isemwe, alivutiwa. Alizunguka shingo ya sanamu moja akitafuta mahali udongo ulipoungwa, asipaone. Hakuwahi kuona kazi safi namna ile. Kisha, mwisho wa safu, akaona donge lililoinamisha kichwa upande wa kushoto. Yeye mwenyewe huinamisha kichwa hivyo anapofikiri.

"Nimefika asubuhi hii hii," alisema.

"Umefika asubuhi hii, ndiyo. Lakini umetuandika gazetini miaka mingi, mama. Na sisi tulikuwa tukisoma."

Ndipo Pazi alipomweleza sheria ya pili ya Ridhaa: mtu na sanamu yake wakitofautiana, huaminiwa sanamu. Watu, alisema, husema wanavyotaka waonekane. Mlafi husema ameshiba. Mvivu husema ataanza Jumatatu. Sanamu haina aibu, kwa hiyo haina uongo. Inafanya yale ambayo mtu amekwisha kuyafanya, basi.

Zamda aliona kwamba hoja ile ina nguvu, na jambo hilo lilimtia baridi.

Walipotoka nje walimkuta mzee mmoja, Bwana Ngoye, akibishana kwa upole na mchukuzi mlangoni pake. Mchukuzi alikuwa amemletea khanga mpya ya kike.

"Nimekwambia wiki iliyopita, mwanangu. Mke wangu amefariki."

"Pole sana, baba. Lakini sanamu yako bado inageuka kumtafuta kila chai ikiandaliwa."

"Mimi pia nageuka," alisema mzee. "Kugeuka si kwamba yupo."

Mchukuzi alifikiri kidogo, akaiweka khanga juu ya nyingine zilizorundikana kizingitini, akaaga kwa adabu. Pazi alimwambia Zamda kwamba huo ni mfano mzuri wa huduma isiyomsahau mtu.

Uwanja wa Mnara ulikuwa mali ya Nyumba ya Karata. Mlangoni palikuwa na bango lililoagizwa na Baraza la nchi kwa ajili ya kuwalinda watoto. Liliandikwa: Mtoto haruhusiwi kuingia kabla ya kusema kwamba yeye ni mtu mzima. Watoto walikuwa wakilisema hilo kwa zamu na kuingia.

Ndani, watu walikaa chini kwa safu zisizo na mwisho, kila mmoja akijenga mnara kwa mawe mepesi yenye nuru. Minara ilipendeza kweli. Kila mjenzi alipokaribia kileleni, Msanifu wa uwanja alisogeza kilele juu kidogo. Na kila mjenzi aliponyoosha mgongo kama mtu anayetaka kusimama, yai la rangi lilibingirika hadi magotini pake. Ndani ya yai huenda mkawa na jiwe la thamani, huenda mkawa na upepo. Mtu hajui hadi alipasue, na akilipasua anakuwa amekaa tena.

Zamda alimtambua mdogo wake kwa mgongo.

"Chande."

"Subiri, dada. Nikiacha sasa ukuta huu unaporomoka."

Alisubiri. Ukuta ulikamilika, ukaanza wa pili.

"Ndevu zimekuwa za padri," alisema Zamda.

"Na wewe umenawiri. Au niseme umenenepa?" Alikuwa hajageuka bado. "Bado unawasema watu gazetini?"

"Nawasema."

"Uliandika kwamba hakuna mchezo wenye michoro mizuri kama huu."

"Niliandika na mistari mingine chini yake."

"Hiyo hatukuifikia."

Zamda aliketi karibu naye juu ya sakafu baridi. "Nijibu kitu kimoja, kama mtu na dada yake. Unaona raha?"

Chande alicheka bila sauti. "Raha iliisha zamani. Sasa nalinda tu nilichokwisha kujenga. Nikilala sana msimu unakipunguza. Umewahi kumwona mtu anayelinda shamba la mahindi kwa sababu ya nyani, halafu mahindi yenyewe hayali? Ndiye mimi."

"Basi ondoka."

"Kila nikisimama wananipa yai."

"Mama anapofuka, Chande. Jicho moja limekwisha kuzima. Amesema anataka kukuona angali anaona. Na amesema nikuambie kwamba ni yeye aliyesema."

Mikono ya Chande ilisimama. Papo hapo yai la manjano likabingirika na kumgusa goti. Alilitazama. Kisha akalisukuma kwa upande wa kiganja, akainuka. Magoti yalimlia kama ya mzee. Nyuma yake mnara wake ulianza kuporomoka jiwe moja moja. Hakugeuka kuutazama.

"Twende," alisema.

Ofisi ya Kutoka haikuwa rahisi kuonekana, maana mlango wake ulipakwa rangi ile ile ya ukuta. Ndani alikaa Msajili, Bi. Kibibi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alipoambiwa shida yao machozi yalimtoka. Hakuwa akiigiza, Nyumba huwachagua kwa kazi ile watu wepesi wa kulia.

"Tunasikitika kukupoteza, Chande. Je, tumekukosea? Ungependa upumzike kidogo, kisha urudi? Ungependa mnara wako ujengwe upya bila malipo?"

"Nataka kuondoka."

"Tumeyasikia maneno yako," alisema Bi. Kibibi akifuta macho. "Sasa tumsikilize Chande."

Sanamu ikaletwa. Ilikuwa yeye mtupu, hata ndevu, hata namna ya kukunja bega. Mikono yake ilikwenda mbele na nyuma ikipanga mawe yasiyokuwepo. Bi. Kibibi aliisogelea.

"Chande, unataka kubaki?"

Akagonga kengele. Sanamu iliendelea kupanga. Mlio ukafa.

"Amekubali," alisema Bi. Kibibi.

"Mimi ndiye Chande," alisema Chande.

"Wewe ndiye unayesema kwamba ni Chande, baba. Huyu hasemi. Anafanya tu."

Wakatolewa nje kwa upole mkubwa. Walipofika uwanjani Chande alikaa mahali pake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, na yai la manjano lilikuwa likimngoja.

"Usilipasue," alisema Zamda.

"Silipasui. Nalishika tu."

Zamda alikuwa mtu wa utaratibu. Sheria ikiwa mbovu, aliamini, ina mahali inaporekebishwa. Katika Ridhaa mahali hapo ni Baraza, na yeyote aliyekubali pale langoni anaruhusiwa kupeleka hoja. Alikwenda.

Siku ile Baraza lilikuwa likijadili barabara. Barabara za Ridhaa zina njia mbili: moja ya lami, ambapo mikokoteni ya Nyumba hupita kama mshale, na nyingine ya tope iitwayo Njia ya Wote. Waoka mikate wadogo walilalamika kwamba mkate wao hufika ukiwa umeota ukungu. Mbele ya wajumbe alisimama Bwana Mkondo, mkuu wa Nyumba ya Dira, ili ahojiwe. Mwenyekiti, Mheshimiwa Lukwale, alianza.

"Bwana Mkondo, wananchi wanataka kujua. Hizi barabara, zinapokunjwa jioni, huwekwa wapi?"

"Barabara hazikunjwi, Mheshimiwa."

"Ahaa." Mheshimiwa alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitaka. "Nimeridhika."

Mjumbe mwingine alitaka uhakikisho kwamba sanamu ya mkewe hufunikwa anapooga. Bwana Mkondo alimhakikishia kwamba sanamu hazioshwi. Mjumbe wa tatu, kijana kidogo, aliuliza kwa nini mwenye lami awe ndiye mwenye mikokoteni. Lilikuwa swali jema, na Zamda alikaa wima. Lakini chini ya koti la mjumbe yule kola ya joho la kijivu ilikuwa ikichungulia, na alipojibiwa kwamba jambo hilo ni la kiufundi alishukuru na kuketi. Kengele ikagongwa. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa wengi walikuwa wakisinzia. Ikapitishwa kwamba tope liitwe lami laini.

Zamda alipoitwa alizungumza kwa ufupi. Aliomba kwamba mtu anayetaka kutoka, badala ya kuulizwa kama anataka kubaki, aulizwe kama anataka kuondoka.

"Tofauti ni nini?" aliuliza Mheshimiwa Lukwale.

"Ni ndogo sana, Mheshimiwa. Neno moja."

"Kama ni ndogo haina madhara. Bwana Mkondo, Nyumba ina la kusema?"

Bwana Mkondo alimtazama Zamda kwa muda, kwa macho ya mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akatabasamu. "Hatuna pingamizi. Tunapenda wageni wenye mawazo."

Kengele ikagongwa, mlio ukafa, na sheria ya Ridhaa ikawa imebadilika. Pazi alimpa mkono nje ya ukumbi. "Hongera, mama. Wachache wamewahi." Na Zamda, aliyekuwa ameandika miaka mingi kwamba sera nzuri hujengwa na watu wanaojali vitu vidogo, alihisi mabega yake yakiwa mepesi.

Chande aliinuka mara ya pili. Mara hii alitembea haraka. Alimwuliza dada yake kama muhogo wa nazi bado unapikwa Ijumaa, na kama mama bado anawagombeza watangazaji wa redio kana kwamba wanamsikia.

"Siku hizi anawagombeza zaidi," alisema Zamda. "Redio ndiyo imebaki."

Bi. Kibibi alilia kama kawaida, akasikiliza, akaagiza sanamu iletwe. Mikono ya udongo ilikuwa ikipanga mawe. Akaisogelea na kuiuliza, kwa maneno ya sheria mpya:

"Chande, unataka kuondoka?"

Kengele. Zamda alijikuta ameshika mkono wa mdogo wake kwa nguvu. Sanamu iliendelea kupanga. Mlio ukapungua, ukawa uzi, ukafa.

"Amekubali," alisema Bi. Kibibi.

Mikono ya sanamu ilishuka. Ilikuwa mara ya kwanza Zamda kuiona imetulia. Ikamgeukia, ikakunja bega lile lile, ikasema kwa sauti ile ile: "Asante, dada. Twende kwa mama."

Lango likafunguliwa. Sanamu ikapita. Walinzi wawili waliweka viganja mabegani mwa Chande, polepole, kama watu wanaomzuia mgonjwa asianguke.

"Mnafanya nini?" aliuliza Zamda. "Ameruhusiwa. Wote tumesikia."

"Ameruhusiwa na amekwisha kuondoka," alisema Bi. Kibibi, akionyesha nje.

"Na huyu?"

"Huyu ni nani?"

Zamda alimgeukia Pazi, aliyekuwa amewafuata hadi pale. Uso wa Pazi ulikuwa na huruma ya kweli. "Mama, mara ya kwanza tulikataa kwa neno la sanamu, leo tumeruhusu kwa neno la sanamu. Hatujapinda hata kidogo. Kwa sheria, Chande ametoka. Aliyebaki hana sanamu, kwa hiyo hesabu yake ni ya mgeni aliyeingia leo. Ataanza kufinyangwa upya."

"Itachukua muda gani?"

"Hilo liko mikononi mwake. Akicheza kwa bidii udongo hukamata upesi. Akigoma inachelewa, maana wafinyanzi hawana cha kushika."

"Na ikikamilika, ataulizwa kama anataka kuondoka. Ndivyo sheria ilivyo sasa. Mimi niliipitisha."

Pazi alitazama chini. "Bwana Mkondo amepeleka hoja nyingine leo. Mwombaji hataulizwa swali lolote. Imeonekana maswali yanawasumbua watu."

Walinzi walikuwa wamekwisha kumpitisha Zamda nje, maana donge lake lilibaki kumdhamini; alitaka kurudi ndani. Mguu wake ulikuwa tayari umevuka kizingiti, na Msomaji pale langoni alikuwa amefungua kinywa aanze kumsomea yeye upya. Akasimama. Chande alikuwa akimtazama juu ya mabega ya walinzi. Hakuwa akilia. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ya ukuta.

"Dada, nenda naye. Mama haoni vizuri."

"Anaona vya kutosha, Chande."

Chande alilamba midomo. "Basi msiende haraka."

Zamda alielewa maana yake, akatamani asingeelewa.

Walikwenda. Hakuchelewa kwa makusudi, wala hakukaza mwendo. Njia nzima sanamu haikuomba maji. Ilimwuliza mambo mengi, na kila alipojibu iliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama yeye.

Bi. Siwema alikuwa bado na upeo mwembamba katika jicho la pili, kama mtu anayechungulia kwa upenyo wa mlango. Sanamu ilipiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliuleta uso wake karibu. Alipapasa paji la uso, ndevu, mabega. Mkono wake ulikwenda nyuma ya sikio la kushoto, ukakaa hapo. Kisha akaagiza chai.

Alimwita Zamda jikoni baadaye, redio ikisema peke yake sebuleni.

"Chande alianguka mtini akiwa mdogo. Ana kovu nyuma ya sikio, refu kama punje ya mchele. Huyu hana."

"Hawakuwahi kutazama hapo," alisema Zamda. Na akamweleza yote, kengele, Baraza, hoja yake mwenyewe. Bi. Siwema alisikiliza hadi mwisho.

"Anakula huko?"

"Anakula."

"Na mgongo wake?"

"Umepinda kidogo."

Bi. Siwema alitikisa kichwa. "Nitaiondoa kesho, mama," alisema Zamda. "Nitaipeleka chuoni. Haifai kukaa humu."

"Iache kwanza."

Zamda aliandika kwa Baraza la Ridhaa. Alijibiwa upesi, kwa lugha nzuri, kwamba Chande aliondoka kwa hiari yake na Nyumba inamtakia heri. Aliandika gazetini pia, makala ndefu, yenye kila kitu. Wasomaji wengi walimwandikia kuuliza sanamu kama ile inapatikana wapi.

Jicho la pili likazima kabla ya mwisho wa mwezi. Bi. Siwema sasa alikaa sebuleni mchana kutwa, na sanamu ilikaa karibu yake. Ilijua ni saa ngapi anataka redio ipunguzwe. Ilimgombeza mtangazaji kabla yeye hajafungua kinywa, naye alicheka. Haikumkatiza kamwe.

Asubuhi moja Zamda alimsikia akiiuliza: "Mwenzako atarudi lini?"

"Sijui, mama," ilijibu sanamu.

Bi. Siwema aliugeuzia ukuta uso wake. Hakula siku ile. Sanamu ilimtazama, ikalitazama sinia lililorudi jikoni kama lilivyokuja, ikainamisha kichwa.

Kesho yake aliuliza tena.

"Kesho, mama," ilisema sanamu.

Uso wa Bi. Siwema ulifunguka. Aliomba chai, akala mkate wote, akasema kwamba shuka za kitanda cha Chande zifuliwe. Zamda alisimama mlangoni akiwa ameshika kikombe. Siku iliyofuata swali lilikuja mapema zaidi, na jibu likaja bila kusita. Siku nyingine liliulizwa kabla ya chai, na mchana, na alasiri.

"Mama," alisema Zamda, akichutama mbele yake. "Jana pia imesema kesho. Na juzi. Imejifunza tu kwamba ukisikia hivyo unakula."

"Najua, mwanangu. Mimi si mtoto."

"Basi kwa nini unaiuliza?"

Bi. Siwema alimpapasa Zamda shavuni, akamsukuma kando taratibu, kwa upande wa kiganja. Kisha akaigeukia sanamu, akauliza tena.